Vidole Vyepesi au Moyo Mzito? Mabishano ya Wapiga Gita wa Kisii na Nyamira

Katika vilima vya Gusii, tangu Keroka mpaka Ogembo, na tangu Nyansiongo mpaka Tabaka, kuna mabishano ambayo hayajapata hakimu. Husikika sokoni siku ya soko, husikika katika vibanda vya chai, na zaidi husikika usiku wa matanga, wakati watu wamekaa kuzunguka moto na mpiga gita ameweka chombo chake chini apumzike. Mmoja husema, "Kijana huyu ni fundi, vidole vyake haviwezi kufuatwa kwa macho." Mwingine hujibu, "Kweli ni fundi, lakini mbona hakuna aliyetoa chozi?"

Basi hapo ndipo ubishi huanza. Wako wanaosema kwamba muziki ni kazi kama kazi nyingine, na mtu asiyejua kazi yake hana haki ya kusimama mbele ya watu. Wako wengine wanaosema kwamba muziki ni jambo la moyo, na kwamba mtu aliyeumwa na maisha aweza kupiga nyuzi tatu tu na akawashinda wale wenye vyeti vya shule. Kila upande una mashahidi wake, na kila upande huondoka ukiamini kwamba umeshinda.

Jambo hili si la mchezo kama linavyoonekana. Kwa namna watu watakavyolijibu, ndivyo watakavyowachagua wapigaji wa kualikwa arusini na matangani, ndivyo watakavyowafundisha watoto, na ndivyo itakavyojulikana kama muziki wa wazee wa Kisii na Nyamira utabaki au utapotea. Kwa hiyo yafaa kulitazama kwa makini, na kuanza pale lilipoanzia.

OBOKANO, MWALIMU WA KWANZA

Kabla gita halijafika, Wagusii walikuwa na chombo chao kikuu cha nyuzi, nacho ni obokano. Huu ni aina ya kinubi chenye nyuzi nane. Tumbo lake ni bakuli kubwa la mti lililochongwa na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Kutoka katika tumbo hilo hutokea miti miwili mirefu, na juu yake umelazwa mti wa tatu ambao nyuzi hufungwa. Zamani nyuzi zilitengenezwa kwa mishipa ya ng'ombe. Siku hizi wengine hutumia nailoni. Mpigaji huketi chini juu ya kigoda, na hung'oa nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili.

Watu wa makabila ya jirani wana vyombo vya jamaa hiyo hiyo. Wajaluo wana nyatiti, nao una nyuzi nane. Wakuria wana iritungu. Lakini obokano hupita vyombo vingi vya jamaa yake kwa ukubwa, na sauti yake ni nzito mno, yenye mvumo unaokwaruza kama ngurumo iliyo mbali nyuma ya kilima. Wataalamu wa muziki wa nchi za nje wameufananisha na fidla ile kubwa kabisa inayopigwa kwa kusimama katika okestra za Ulaya.

Mtu asiyeujua obokano aweza kudhani kwamba, kwa kuwa sauti yake ni nzito na nyuzi zake ni chache, basi kuupiga ni kazi nyepesi. Hilo si kweli. Kila uzi lazima ukazwe kwa kuuzungusha pale juu kwenye mti uliolazwa, hata sauti yake ikubaliane na nyuzi nyingine saba. Mvua ikinyesha ngozi hulegea, na jua likiwaka hukaza. Na kila mtu ajua kwamba katika nchi ya Gusii mvua haina adabu ya kungoja. Mpigaji asiyekuwa na sikio zuri hawezi kumaliza hata kazi hii ya kuanza.

Tena, mikono miwili haifanyi kazi moja. Mmoja huweza kurudia maneno machache ya nyuzi pasipo kuchoka, kama mtu atwangaye, na mwingine ukaja juu yake na kujibu. Na juu ya mikono yote miwili mpigaji huyo huyo huimba. Huwasifu watu kwa majina yao na ya baba zao, huwakemea wenye choyo, huwaliza wafiwa. Mambo matatu hutendeka kwa wakati mmoja katika mwili wa mtu mmoja. Hapo mtu hawezi kuuliza, "Je, huu ni ufundi au ni moyo?" Maana ufundi ukikosekana, nyimbo haziwezi hata kuanza, na moyo ukikosekana, hakuna sababu ya kuanza.

Liko jambo jingine ambalo wageni hawalitambui upesi. Ekegusii, kama lugha nyingi za Kibantu, ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti huweza kubadili maana ya neno. Kiswahili hakina desturi hiyo. Kwa hiyo wimbo wa Ekegusii hauwezi kwenda juu na chini kama upendavyo. Hauna budi kuyaangalia maneno. Mpigaji mzuri wa obokano huzifanya nyuzi zifuate usemi wa watu, hata msikilizaji huhisi kana kwamba chombo chenyewe kinamwita kwa jina.

GITA LAINGIA

Gita lilienea katika Kenya hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, iliyokwisha mwaka 1945. Askari wa King's African Rifles walikuwa wamekwenda Ethiopia, Bara Hindi na Burma, na baadhi yao walirudi na mapenzi ya chombo hiki. Katika miaka ya 1950 magita ya bei nafuu yaliyotengenezwa Afrika Kusini kwa jina la Gallotone yaliuzwa sehemu nyingi za Afrika, hata yakavuka bahari. Kijana mmoja wa Liverpool, John Lennon, ambaye baadaye alijulikana dunia nzima pamoja na wenzake wa Beatles, alianzia juu ya gita la namna hiyo hiyo. Ndani yake palikuwa na karatasi iliyoahidi kwamba ubao hautapasuka. Ahadi ya kwamba mpigaji atajua kupiga haikuwamo.

Pamoja na magita zilikuja sahani za santuri. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika akikusanya nyimbo, alimkuta Jean-Bosco Mwenda katika mji wa Jadotville, huko Katanga, ambao leo huitwa Likasi, akamrekodi. Wimbo wake uitwao "Masanga" ulisikika Kenya nzima, na mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco mwenyewe alifika Nairobi, kama alivyofika jamaa yake Edouard Masengo. Vijana waliokuwa wakisikiliza santuri zake walidhani wanasikia magita mawili. Walipomwona kwa macho, waliona mtu mmoja, kidole gumba kimoja na kidole cha shahada kimoja.

Kutoka magharibi mwa Kenya akatokea George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963. Mtindo wake uliitwa omutibo: kidole gumba kikishika nyuzi nene bila kulegea, kidole cha shahada kikiimba juu, na mwenzake akigonga chupa ya soda kuwashikia mwendo. Baadaye ikaja benga ya Wajaluo, ambayo magita yake yalichukua mengi katika nyatiti. D. O. Misiani, aliyefariki mwaka 2006, aliieneza pamoja na bendi yake ya Shirati Jazz. Wagusii nao wakapata benga katika lugha yao, na waimbaji kama Christopher Monyoncho na Arisi O'Sababu wakajulikana katika kila kijiji cha Kisii na Nyamira. Hata leo stesheni za radio za Ekegusii, kama Egesa FM na Minto FM, hupokea barua na simu za watu wanaotaka nyimbo za wakati ule.

Mambo haya yafaa kukumbukwa, kwa sababu yanaonyesha kwamba gita halikuja kumfukuza mwalimu wa kwanza. Mpigaji aliyezaliwa nyumba ambamo kinubi kilisikika alipolishika gita, alijua tayari kwamba mkono mmoja wapaswa kushika njia na mwingine kusema. Chombo kilikuwa kigeni, lakini kazi ilikuwa ile ile.

KOSA LA KWANZA: UFUNDI USIO NA MANENO

Siku hizi kijana wa Nyamira anayetaka kujifunza gita hahitaji kutembea. Ana simu ya mkononi. Ndani ya simu hiyo yumo Mkongo apigaye sebene, yumo Mzungu apigaye nyimbo za kanisani, yumo Mjapani wa miaka kumi anayewashinda wote kwa wepesi wa vidole. Kijana hujifungia chumbani mwezi baada ya mwezi, akairudia picha ile ile mpaka vidole vyake vikaota sugu. Juhudi hiyo ni ya kusifiwa, wala haifai kuchekwa.

Lakini chukua mfano ambao wengi katika kaunti hizo mbili wataufahamu. Kijana huyo amealikwa matangani, katika boma la bibi mzee aliyekuwa akichuma chai maisha yake yote na kuwasomesha watoto wake kwa majani hayo. Spika zimewekwa, moto umewashwa, wajukuu wamekuja kutoka Nairobi na Kericho. Kijana anaanza, na vidole vinaruka kama panzi. Wenziwe vijana wanapiga makofi. Hakosei hata mahali pamoja. Kisha binti mkubwa wa marehemu anainuka, anamwendea polepole, na kumwambia, "Mwanangu, unapiga vizuri sana. Lakini tulitaka kusikia jina la mama, na hatukulisikia."

Hapo ndipo panapouma. Kijana hakukosa ufundi. Alikosa kujua ufundi ule ni wa kazi gani. Alikuwa akijibu swali ambalo hakuna aliyemwuliza usiku ule, yaani, "Je, waweza kupiga upesi kiasi gani?" Swali la watu lilikuwa jingine: "Ni nani aliyetutoka?"

Makarani wanalijua kosa hili kwa sura nyingine. Mtu aweza kuwa na mwandiko wa kupendeza kupita wote ofisini, kila herufi imesimama kama askari wa gwaride, lakini barua yake ukiisoma mara tatu hujui anataka nini. Mwandiko ni mzuri, barua si kitu.

KOSA LA PILI: MOYO USIO NA MKONO

Hata hivyo, yafaa kuwa waangalifu, maana liko kosa la pili, nalo hupendwa zaidi kwa sababu halihitaji kazi. Ni lile la mtu asemaye, "Mimi sina haja ya kujifunza; muziki wangu watoka moyoni." Huyo hulishika gita lisilokazwa nyuzi, uzi mmoja ukilia juu na mwenziwe ukilia chini, akafumba macho, akatikisa kichwa, na kudhani kwamba kila anachokihisi yeye wakihisi na waliokaa mbele yake.

Kumbe hakuna kilichowafikia. Huzuni iliyomo kifuani mwa mpigaji ni kama maji yaliyomo chemchemini. Ni mema na ni ya kweli, lakini bila mfereji hayafiki shambani. Mfereji huo ni mkono uliozoezwa. Mkulima wa Kebirigo hawezi kuwaambia wapokea chai kituoni kwamba ameipenda chai yake kwa moyo wote, ikiwa kapu lake limejaa majani makubwa magumu. Wao hutazama kama ni majani mawili na chipukizi. Mapenzi ya mkulima yamo katika vidole vyake, katika kujua lipi la kuchuma na lipi la kuacha.

Mtu akitaka kuona jambo hili kwa macho, na aende Tabaka, katika kaunti ya Kisii, wanakochongwa mawe ya sabuni ambayo sanamu zake zimeuzwa pande nyingi za dunia. Mchongaji hulilowesha jiwe, hulikata kwa panga na kisu, hulisugua kwa msasa tena na tena, kisha hulipaka nta ling'ae. Jiwe ni laini, lakini lina mishipa. Kisu kikipita vibaya mara moja, shingo ya ndege huvunjika na kazi ya siku nzima huwa changarawe. Huko Tabaka hakuna mtu anayeuliza kama mchongaji mzuri ni yule mwenye kisu kikali au yule mwenye kuwapenda ndege. Wote wanajua kwamba asiye na kisu hana ndege, na asiyemwona ndege ndani ya jiwe atalimaliza jiwe bure.

USHAHIDI WA NCHI NYINGINE

Mabishano haya si ya Wagusii peke yao. Katika Kongo, kwa miaka mingi, watu waligawanyika kwa ajili ya wapigaji wawili wakubwa. Mmoja alikuwa Nicolas Kasanda, aliyeitwa Dokta Nico, aliyezaliwa mwaka 1939 na kufariki mwaka 1985. Nyuzi zake zilikuwa safi kama maji ya mlimani, kila sauti imesimama peke yake, na watu waliomwita Dokta walikuwa wakiusifu utaalamu wake. Wa pili alikuwa François Luambo, yaani Franco, aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki mwaka 1989, kiongozi wa OK Jazz iliyoanzishwa mwaka 1956. Huyu aliitwa mchawi wa gita. Alipenda kurudia maneno machache ya nyuzi tena na tena, kwa nguvu na kwa ukali, mpaka wachezaji wakawa kama wameshikwa na kitu.

Wengi walisema kwamba Nico ni akili na Franco ni damu. Lakini mtu akiwasikiliza kwa utulivu huona kwamba mgawanyo huo si wa haki. Kurudia neno moja mara hamsini bila kupoteza mwendo hata kidogo, na bila kuwachosha watu, ni ufundi mkubwa mno. Na zile sauti safi za Nico zimewatoa machozi watu ambao hawajui neno moja la Kilingala. Kila mmoja alikuwa na vyote viwili. Tofauti ilikuwa mahali alipopenda kusimama.

Ulaya alikuwako Django Reinhardt, aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1910. Mwaka 1928 gari la kukokotwa alimokuwa akiishi lilishika moto, naye akaungua vibaya. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikufaa tena kama zamani. Mtu mwingine angaliweka gita ukutani. Yeye alijifunza upya, akabuni njia za kupiga nyimbo za upesi kwa vidole viwili vilivyobaki, hata akawa mmoja wa wapigaji wakubwa kabisa wa jazi mpaka alipofariki mwaka 1953. Asemaye kwamba Django alipiga kwa moyo tu asahau ile miezi ya kujizoeza kwa uchungu. Na asemaye kwamba alipiga kwa ufundi tu aeleze ni kitu gani kilichomfanya arudi kwenye nyuzi.

Na Marekani alikuwako B. B. King, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1925, ambaye katika ujana wake alifanya kazi katika mashamba ya pamba. Mwaka 1974 alifika Kinshasa, akapiga mbele ya umati mkubwa. Huyu hakuwa na desturi ya kuimba na kupiga kwa wakati mmoja. Aliimba, akanyamaza, ndipo gita likajibu. Mara nyingi jibu hilo lilikuwa la sauti chache tu, na pengine sauti moja iliyotetemeshwa kwa kidole. Lakini sauti hiyo moja ilikaa mahali pake hasa. Msikilizaji wa obokano akimsikia hatamwona mgeni kabisa, maana mtu kusema na nyuzi kumjibu ni desturi aijuayo tangu utotoni.

Tena mwaka 1961 na 1962 mtaalamu mmoja, David Rycroft, alichapisha maandishi marefu juu ya upigaji wa Bosco, akaandika sauti moja moja zilizotoka katika nyuzi zake. Kazi hiyo ilionyesha jambo moja lenye mafundisho: Bosco hakuupiga wimbo wake namna moja kila mara. Alikuwa akibadili hapa na pale kadiri alivyojisikia, lakini hakupotea njia. Huo ndio uhuru, nao hupatikana kwa yule aliyekwisha kuijua njia hata hana haja ya kuitazama.

MAMBO YA KUTENDA

Basi, ikiwa ufundi na moyo ni mikono miwili ya mtu mmoja, kijana anayetaka kujifunza afanye nini? Yako mambo ambayo wapigaji wenye kuheshimiwa huyashika, nayo si ya siri.

Kwanza, ni kukaza nyuzi. Mtu asianze kupiga mpaka nyuzi sita zimekubaliana. Dakika tano za kukaza si dakika zilizopotea; zinamfundisha sikio lake kuliko saa nzima ya mbio. Simu yaweza kumsaidia, lakini afadhali ajizoeze kukaza kwa sikio, maana matangani betri huweza kuzimika.

Pili, ni kidole gumba. Katika upigaji wa Bosco na wa Mukabi, kidole gumba ndicho ng'ombe avutaye jembe. Kikilegea, hata kidole cha shahada kikisema maneno mazuri namna gani, shamba halilimiki. Yafaa mwanafunzi apige kwa kidole gumba peke yake, polepole, siku nyingi, mpaka aweze kuzungumza na mtu huku kidole kikiendelea chenyewe.

Tatu, ni maneno. Kabla ya kuupiga wimbo, na ausome kama hadithi. Aseme maneno yake kwa Ekegusii bila kuimba, asikilize sauti inapanda wapi na kushuka wapi, ndipo atafute nyuzi za kuyafuata. Akifanya hivyo ataona kwamba nusu ya wimbo ilikuwa tayari imo katika usemi wa mama yake.

Nne, ni kunyamaza. Mwenye vidole vyepesi huona kimya kuwa ni aibu, akakijaza. Lakini kimya ndicho mlango ambao maneno hupitia. Wazee walisema kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka, na gita nalo halikusamehewa.

Tano, ni kuketi na watu waliotangulia. Simu humwonyesha kijana vidole vinakwenda wapi, wala haimwambii ni lini watu wamechoka, ni lini mjane anataka kusikia jina, ni lini wimbo ufupishwe kwa sababu mvua inakuja. Hayo hujifunzwa kwa kuketi kando ya mpigaji mzee, kumbebea chombo, na kumtazama anavyowatazama watu.

HATARI ILIYOPO

Jambo hili la tano ndilo la haraka kuliko yote. Wapigaji wa obokano waliolelewa katika desturi ya zamani ni wachache, na wengi wao ni wazee. Kila mmoja anapofariki, anakwenda na nyimbo, na zaidi ya nyimbo anakwenda na ule ujuzi wa lini na kwa nini, ambao hauandikwi katika kitabu. Ni kweli kwamba wako vijana wachache, kama yule anayejulikana kwa jina la Grandmaster Masese, waliouchukua obokano na kuupeleka mbele ya watu wa mijini. Ni kweli pia kwamba mashindano ya muziki ya Kenya, yaliyoanza mwaka 1927, yamewapa watoto wa shule nafasi ya kuimba na kucheza nyimbo za kwao jukwaani. Hayo yote ni mema.

Lakini mashindano yana waamuzi, na waamuzi wana karatasi ya alama. Ni rahisi kutoa alama kwa nyuzi zilizokazwa sawa, kwa mavazi yaliyofanana, na kwa vidole vilivyokwenda pamoja. Ni vigumu kutoa alama kwa kitu kile kilichomfanya bibi aliyekaa nyuma ya ukumbi aweke mkono kifuani. Mwalimu asipoangalia, atawafundisha watoto yale yenye alama tu, na katika muda wa vizazi viwili kutabaki obokano unaolia barabara na kutomwambia mtu neno lolote. Kwa upande mwingine, wazazi wakiwaambia watoto kwamba muziki wa wazee hautaki kujifunzwa, kwamba umo katika damu tu, basi damu hiyo itapita kimya kimya na kutokomea. Damu haijui kukaza nyuzi nane.

Dawa yake haina gharama kubwa. Simu ile ile inayomletea kijana sebene ya Kinshasa yaweza kuwekwa mbele ya babu yake jioni moja, babu akaombwa apige, na aeleze kwa kinywa chake kila wimbo ni wa nani na ulipigwa lini. Mwalimu wa shule aweza kumwalika mpigaji wa kijiji aketi na watoto saa moja kwa juma. Na wenye kuwaalika wapigaji, badala ya kuuliza tu, "Ana spika ngapi?" wangeuliza pia, "Je, anajua nyimbo za watu wetu, na ataketi kwanza na wafiwa apate kumjua marehemu?"

Kwa maana, kama kijana yule aliyeambiwa kwamba jina la mama halikusikika angekuja mapema jioni ile, akaketi jikoni na binti za marehemu, akauliza bibi alipenda wimbo gani, na alikuwa akisema neno gani alipochoka na kapu la chai mgongoni, vidole vyake vile vile vyepesi vingekuwa na kitu cha kubeba. Asingehitaji kupiga polepole kwa lazima, wala kujifanya mzee. Angepiga kama alivyofundishwa na simu yake, na katikati ya mbio hizo angesimama kidogo, akaacha kidole gumba kiendelee peke yake, na kulitaja jina.

Na wale waliokuwa wakibishana kando ya moto wangenyamaza wote wawili kwa pamoja.